Kanisa Katoliki na hukumu ya kifo: ni nini kilibadilika?

Tangu serikali yetu iondoe, mwezi wa tatu 2024, ile moratware ya 2003 iliyokuwa inazuia kuua waliohukumiwa kifo, wanafunzi wa iniversite wanabishana: Kanisa Katoliki si lilikuwa linaikubali hiyo hukumu?

Ndiyo, liliikubali. Mtakatifu Toma wa Akwino aliifananisha na kukata kiungo kilichooza ili mwili upone. Hata Katekisimu ya 1992 iliacha mlango wazi. Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya 1995, akaufunga karibu wote. Kisha 2018 Papa Fransisko akabadilisha namba 2267: hukumu ya kifo haikubaliki.

Juu ya nini? Kuna sababu ambazo watu wanazichanganya. Moja inasema siku hizi jela zinaweza kulinda raia. Hapa kwetu hiyo ni ngumu kumeza: kule Beni, Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1 300 walitoroka jela ya Kangbayi siku moja. Lakini ingine haitegemei ukuta wa jela: hata muuaji hapotezi heshima yake ya kuwa mtu, na lazima abakishiwe nafasi ya kutubu. Mwenye kutoa mfano wa Beni amegusa ile ya kwanza tu.