Dume au jike? Namna ya kuwatambua ndege wa mtoni

Ukikaa ukingoni mwa Mto Rufiji, Ruaha au Tana alfajiri, ndege wa kila aina watapita mbele yako kabla jua halijawa kali. Kuwajua kwa majina ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, inayowasumbua hata waliozoea, ni kujua yupi dume na yupi jike.

Wengi wetu tumekua na kanuni ya jogoo na tetea: mwenye rangi kali ni dume, aliyefifia ni jike. Kanuni hiyo inafaa uani, lakini mtoni mara nyingi inadanganya. Kila ndege ana mahali pake pa kutazama.

Mdiria: tazama kifua na tumbo

Mdiria mweupe na mweusi, yule anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini, ndiye mwalimu mzuri wa kuanzia. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja tu, nao kwa kawaida umekatika katikati. Angalizo: makinda waliokwisha kuruka nao wana mkanda mmoja, kwa hiyo ukiona mmoja usiseme jike mara moja.

Mdiria mkubwa, ambaye ndiye mkubwa kuliko wadiria wote wa Afrika, ana rangi ya hudhurungi nyekundu. Kwa dume rangi hiyo iko kifuani. Kwa jike iko tumboni, na kifua chake kimejaa madoa meusi na meupe.

Korongo: tazama jicho

Yupo korongo mrefu mwenye mdomo mwekundu uliofungwa mkanda mweusi, na juu ya mdomo huo pana kipande cha njano kama tandiko la punda. Kwa mbali dume na jike ni sawasawa. Chukua darubini umtazame usoni: jike ana jicho la njano, dume ana jicho jeusi-jeusi, na chini ya mdomo wa dume huning'inia vipande viwili vidogo vya ngozi ya njano.

Bata na furukombe: ukubwa na sauti

Bata mwenye nundu ni rahisi. Dume ana nundu kubwa juu ya mdomo, jike hana, tena ni mdogo. Bata bukini wa Misri ni mgumu zaidi kwa kuwa rangi zao zinafanana. Hapa tumia masikio: dume hutoa sauti ya kukwaruza kama anayefukuta, jike hupiga kelele kwa nguvu.

Kwa furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, jike ndiye mkubwa. Jozi ikiwa mtini pamoja, tofauti huonekana. Wanapoitikiana, sauti nyembamba zaidi ni ya dume.

Mnana: angalia msimu

Minana wafumao viota kwenye matawi yaliyoinamia maji hufuata ile kanuni ya jogoo, lakini kwa msimu tu. Wakati wa kuzaliana, dume huwa wa njano kali, na katika aina nyingi huwa na barakoa nyeusi usoni. Ndiye anayefuma kiota; jike huja kukikagua, na kikikataliwa, dume huweza kukibomoa na kuanza upya. Msimu ukiisha, dume wa aina nyingi hupoteza rangi hiyo na kufanana na jike.

Pale baba anapolea

Kuna ndege mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi. Dume na jike wana rangi moja, ila jike ni mkubwa. Jike huweza kuwa na madume kadhaa. Akishataga, kazi ya kuatamia na kulea ni ya dume. Huwabeba hata vifaranga chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia nje.

Yupo pia ndege wa matopeni, mfupi, mwenye mdomo mrefu na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwake jike ndiye mwenye shingo ya rangi ya kahawia nzito ya kupendeza. Dume ni wa kijivu chenye madoa ya dhahabu, rangi inayomficha anapoatamia.

Hapa ndipo elimu hii inapokuwa na uzito. Mtu akimfukuza ndege kiotoni, au mtumbwi ukipita juu ya majani, wengi husema "mama yake atarudi." Kwa ndege hawa wawili hakuna mama wa kurudi. Dume akifukuzwa muda mrefu, mayai hubaki juani bila mwenyewe.

Wasiotofautishika

Yangeyange na fundichuma hufanana dume na jike kiasi kwamba kwa kuwatazama tu huwezi kuwatenganisha. Usikisie. Ukiwa unaweka kumbukumbu, andika "haijulikani." Kumbukumbu yenye nafasi tupu inafaa kuliko yenye uongo, na mwongoza watalii anayesema "huyu hatambuliki kwa macho" huaminika zaidi kwa yule anayefuata.

Unapokwenda mtoni

Nenda mapema asubuhi au jioni. Acha jua liwe mgongoni kwako, maana ndege aliye mbele ya jua huonekana mweusi mtupu. Tazama kwa mpangilio: kifua, tumbo, mdomo, jicho, kisha ukubwa akiwa karibu na mwenziwe. Andika papo hapo. Ukikuta kiota, rudi nyuma hadi ndege atulie. Na kwenye mito yenye mamba na viboko, kaa mbali na ukingo. Darubini ipo kwa kazi hiyo.