James Hogan, Rubani wa Mpira

Ukipita ufuoni Malindi, msomaji, utaiona nguzo ya mawe yenye msalaba juu yake, iitwayo kwa jina la Vasco da Gama. Mreno huyo alifika hapo mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa mji. Na alipotweka tanga tarehe 24 ya mwezi ule alikuwa amepewa rubani aijuaye njia ya Bara Hindi. Tarehe 20 Mei merikebu zake zilitia nanga karibu na Calicut. Nahodha ana nguzo mpaka leo. Rubani hana nguzo, na hata jina lake wanachuoni hawajaacha kulibishania.

Mpira wa miguu nao una marubani wake. Watu hushangilia wafungao mabao, wakawabeba mabegani na kuwaimba mitaani. Bali yule aliyewaonyesha njia husahauliwa upesi. Insha hii ni habari za mmoja wao, Mwingereza aliyeitwa James Hogan, ambaye wenzake walimwita Jimmy. Twazisoma habari zake si kwa sababu alikuwa mchezaji mkubwa, maana hakuwa. Twazisoma kwa sababu aliuliza swali moja katika ujana wake, akakosa jibu, akatumia maisha yake yote kulitafuta.

Hogan alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, wenye moshi mwingi na mvua nyingi. Wazee wake walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na baba yake alitamani sana mwanawe awe padre. Kwa ajili hiyo kijana alipelekwa shule ya bweni ya Wakatoliki mjini Manchester. Lakini moyo wake ulikuwa katika mpira, wala dua za baba hazikuweza kuuondoa huko.

Alicheza mahali pa mshambuliaji wa ndani wa kulia, waliyemwita wachezaji wa zamani insaidi raiti. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira kwa walinzi na kuwafikishia washambuliaji, kazi ambayo leo tungesema ni ya kiungo. Alihama klabu hata klabu: Rochdale, Burnley, Nelson, Fulham, Swindon, kisha Bolton. Hakuitwa hata mara moja katika timu ya taifa. Mshahara nao haukuwa wa kumtajirisha mtu, kwa kuwa sheria ya miaka ile ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma. Hogan alikuwa fundi wa wastani miongoni mwa mafundi wengi, na lau asingekuwa na tabia ya kuuliza, jina lake lingefutika kama nyayo mchangani maji yanapojaa.

Yasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa Burnley, alipata nafasi nzuri ya kufunga, akapiga, mpira ukapita juu ya mwamba wa goli. Baada ya mchezo alimwendea meneja wake, akamwuliza kosa lilikuwa nini: je, mguu uliwekwa vibaya, au mwili ulipoteza mizani? Meneja alimjibu kwamba hayo hayana maana. Aendelee kupiga tu, na akifunga mara moja katika mara kumi itatosha. Fikiri, msomaji, fundi wa jahazi angeambiwa hivyo: piga misumari, mmoja katika kumi utashika! Hogan hakuridhika. Tangu siku hiyo alianza kuuchunguza mchezo kama mwanafunzi achunguzavyo hesabu, hatua kwa hatua.

Ili tuelewe ugeni wa swali lake, yafaa tujue jinsi wachezaji wa Uingereza walivyofundishwa wakati ule. Kwa kweli hawakufundishwa. Walikimbizwa kuuzunguka uwanja ili wapate pumzi, na klabu nyingi ziliwanyima mpira tangu Jumatatu hata Ijumaa, kwa imani kwamba wakiukosa siku hizo watakuwa na njaa nao Jumamosi. Ni kama kumnyima mvuvi nyavu zake juma zima ili siku ya kwenda baharini azitamani. Waingereza waliamini kwamba ufundi wa mpira ni kipaji cha kuzaliwa, na kwamba wao ndio waliozaliwa nacho.

Hogan aliona nuru kidogo alipokuwa Fulham. Humo mlikuwa na Waskoti waliocheza kwa kupeana pasi fupi za chini, kila mmoja akimtazama mwenzake kabla ya kuupokea mpira. Fulham ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Kusini mwaka 1906 na 1907, na mwaka 1908 ikafika nusu fainali ya Kombe la Chama cha Mpira. Hapo Hogan alitambua kwamba timu ni kundi la watu wenye fikira moja, wala si watu kumi na mmoja wenye miguu yenye nguvu.

Baadaye alijiunga na Bolton. Klabu hiyo ilipozuru Uholanzi iliifunga timu ya Dordrecht mabao 10 kwa 0. Wenzake walicheka. Hogan aliwahurumia walioshindwa, akaapa kwamba siku moja atarudi awafundishe kucheza. Mwaka 1910, hajatimia miaka 28, alikwenda Dordrecht kwa mapatano ya miaka 2. Huko alikuta vijana, wengi wao wanafunzi, wasiojua mengi lakini wenye hamu ya kujua. Waliuliza kwa nini, na kwa namna gani. Swali lililodharauliwa Burnley lilikuwa sasa linaulizwa na kila mwanafunzi wake, na ndipo alipofahamu kwamba elimu yake ina soko, ila soko hilo halipo kwao.

Mwaka 1912 alijuana na Hugo Meisl, kiongozi wa mpira wa Austria, akaenda Vienna kufundisha. Wawili hao waliafikiana katika kila jambo lililohusu mchezo: mpira uwe chini, upokewe kwa utulivu, upelekwe kwa mwenzako aliye mahali pazuri, nawe usisimame bali usogee ili uupokee tena. Urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka 20.

Lakini mwezi wa Agosti 1914 vita vikuu vilizuka. Hata pwani yetu haikusalimika: mwezi huo huo Wagiriama walipambana na serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imewahimiza watoe vijana wao kuwa vibarua na wachukuzi, na kuwataka wahame ardhi yao kaskazini ya mto Sabaki. Huko Vienna, Hogan alikamatwa kama raia wa nchi adui, akatiwa gerezani. Mkewe na watoto walirudi Uingereza, yeye akabaki. Waingereza wawili wenye duka kubwa mjini walimdhamini, akafanya kazi za mikono nyumbani mwao. Kisha wakuu wa klabu ya MTK ya Budapest, katika nchi ya Hungaria, walimwombea ruhusa ya kwenda kuifundisha timu yao, kwa sharti la kujionyesha kwa polisi. Hivyo mfungwa wa vita akawa mwalimu.

Wachezaji wengi wa MTK walikuwa wamechukuliwa vitani, basi Hogan alitafuta vijana. Katika bustani moja ya mji aliwaona wawili wakipiga mpira, György Orth na József Braun; aliwachukua na kuwafundisha kila siku, na wote wawili wakawa miongoni mwa wachezaji bora wa Ulaya. MTK ilitwaa ubingwa wa Hungaria kila msimu tangu 1916/17 hata 1924/25. Hogan mwenyewe aliondoka vita vilipokwisha mwaka 1918, lakini aliyoyapanda yaliendelea kuzaa.

Alirudi kwao maskini. Alikuwa amesikia kwamba Chama cha Mpira cha Uingereza kina fedha za kuwasaidia wachezaji waliopata hasara kwa ajili ya vita, akaenda London kuomba. Yasimuliwa kwamba katibu wa chama alimpa jozi 3 za soksi za kaki, akamwambia kwamba vijana waliokuwa vitani walizifurahia sana. Maana yake ilikuwa wazi: wewe ulikuwa ukicheza mpira na adui wakati wenzako wanakufa. Wahenga wetu husema mcheza kwao hutuzwa. Hogan alitoka mle ofisini na soksi zake, akatafuta kazi katika kampuni ya tumbaku mjini Liverpool.

Miaka iliyofuata alizunguka Ulaya yote ya kati. Alifundisha Uswisi, na mwaka 1924 alikuwa mmoja wa walimu wa timu ya nchi hiyo iliyopata nafasi ya pili katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Alirudi Budapest. Alikwenda Ujerumani akahutubia maelfu ya wachezaji. Kijerumani chake kilikuwa kibovu, na siku moja wasikilizaji walipoanza kumcheka, aliondoka jukwaani, akarudi amevaa nguo za mchezo, akavua viatu na soksi, akaupiga mpira kwa mguu mtupu ukagonga ubao wa mbele yake hata ukapasuka. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Wewe uliyejifunza kupiga mpira bila viatu mchangani, chini ya minazi, waweza kukisia mguu huo ulikuwa umezoezwa kwa muda gani. Mjini Dresden kijana mmoja aliyeitwa Helmut Schön alimsikiliza kwa makini. Huyo tutamtaja tena.

Tarehe 7 Desemba 1932 Austria ilicheza na Uingereza mjini London, na Hogan alikuwa ameiandaa pamoja na Meisl. Waingereza walishinda 4 kwa 3, lakini wengi waliotazama walikiri kwamba wageni ndio waliocheza mpira mzuri. Kwa hiyo Fulham, klabu yake ya zamani, ilimwita mwaka 1934 awe meneja. Haikuchukua muda. Wachezaji walinung'unika kwamba watu wazima wenye ujuzi hawahitaji kufundishwa, na Hogan alifukuzwa kazi naye yu kitandani hospitali, amepasuliwa tumbo. Alirudi Austria, na mwaka 1936 timu yake ikapata nafasi ya pili katika Olimpiki ya Berlin. Ndipo Aston Villa walipomchukua, nao wakamsikiliza. Mwaka 1938 aliipandisha kutoka daraja la pili. Mwaka uliofuata vita vya pili vilikatiza kazi hiyo.

Sasa tufike tarehe 25 Novemba 1953. Uingereza ilikuwa haijapata kufungwa nyumbani na timu ya bara la Ulaya. Watu wapata laki moja walijaa uwanja wa Wembley kuitazama Hungaria, na miongoni mwao alikuwamo mzee wa miaka 71, amefuatana na vijana wa Aston Villa aliokuwa akiwafundisha. Dakika ya kwanza haijaisha, Hidegkuti alifunga. Alivaa namba ya senta fowadi lakini alicheza nyuma ya wenzake, na mlinzi wa Kiingereza hakujua amfuate au abaki mahali pake. Puskás naye aliuvuta mpira nyuma kwa wayo wa kiatu, nahodha Billy Wright akapita mbio kama mtu akimbiliaye gari lililokwisha ondoka, na bao likaingia. Mchezo ulikwisha Hungaria 6, Uingereza 3. Waliporudiana Budapest mwezi wa Mei 1954, ilikuwa 7 kwa 1.

Wakuu wa mpira wa Hungaria walipoulizwa siri yao walijibu bila kuficha kwamba waliyafuata mafundisho ya Jimmy Hogan. Waingereza wengi walikuwa hawajapata kulisikia jina hilo. Elimu ilikuwa imetoka kwao, ikakaa ugenini miaka 40, ikarudi kuwapiga mlangoni mwao.

Hogan alifariki tarehe 30 Januari 1974, mwenye umri wa miaka 91. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia, na mwalimu wake alikuwa Helmut Schön, yule kijana wa Dresden.

Njia aliyoifungua ilifika hata kwetu. Ray Wood, mlinda mlango wa Manchester United aliyenusurika katika ajali ya ndege ya Munich ya 1958, baadaye alikuja kuifundisha timu ya taifa ya Kenya. Na timu hiyo ilipokabidhiwa Mkenya, Marshall Mulwa, ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1981, na tena mwaka 1982. Wanafunzi walikuwa wamekuwa walimu, kama ilivyokuwa Budapest.

Tunajifunza nini, basi? Baadhi ya watu husema Hogan aliisaliti nchi yake kwa kuwapa wengine siri za mchezo. Hoja hiyo haina nguvu. Aliitoa elimu hiyo nyumbani kwanza, ikakataliwa. Aliitoa ugenini, ikaombwa. Elimu haina kabila wala bendera; huenda inakoulizwa na hukaa inakotunzwa. Waingereza wa wakati ule hawakushindwa kwa kukosa vipaji. Walishindwa kwa kudhani kwamba aliyeanzisha jambo hana haja ya kulijifunza tena.

Nawe, kijana wa Malindi au wa Kilifi, huenda si mchezaji wa kwanza katika timu yako, wala si wa kwanza katika darasa lako. Usivunjike moyo. Wenye vipaji vikubwa mara nyingi hawajui wafanyavyo, na kwa hiyo hawawezi kumfundisha mtu. Yule wa kati, anayekosa goli kisha akauliza kwa nini, huyo ndiye awezaye kuwa mwalimu. Uliza, basi, na ukijibiwa kwamba swali lako halina maana, lichukue ukalitafutie jibu mahali pengine.