Jimbo la Mashariki Ndilo Lililompa Mwalimu Kiti

Wapo wanaosimulia kwamba Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za kwao, Musoma. Sivyo. Septemba 1958 alisimama Jimbo la Mashariki, na ndilo jimbo letu: Chole, Mzenga, Maneromango, Uzaramo yote ya Kisarawe ilikuwa humo. Jimbo la Ziwa, lenye Musoma, lilingoja hadi Februari 1959.

Gavana Twining alikuwa amemteua Barazani 1957, naye akajiuzulu Desemba ya mwaka huo huo. Januari 1958 mkutano wa TANU wa Tabora ukakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu alikataa, akaunda chama chake.

Ili mtu aandikishwe, sharti awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Hapo ndipo Uzaramo ilipodhulumiwa. Mzee mwenye mikorosho na minazi yake, aliyehitimu msahafu chuoni, anayesuluhisha magomvi ya kijiji kizima, hakuhesabiwa. Na hii ni nchi ya Kibasila wa Kisangire! Kibasila aliyechukia pamba ya kulazimishwa ya Wajerumani, akaingia Maji Maji mwaka 1905, watu wakiwa na yakini kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga. Wajukuu wa vita ile ndio walioambiwa waoneshe kwanza pauni 150.

Turudi kwenye uchaguzi. Agosti 1958, kura zikiwa zimekaribia, mahakama ya Dar es Salaam ilimtia Mwalimu hatiani kwa kuwakashifu mabwana shauri katika Sauti ya TANU. Hukumu: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Kiasi kile kile walichodaiwa wapiga kura! Akalipa, akaendelea na kampeni. Huku hakuwa mgeni. Alifundisha Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, mpaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya chama.

Kura zilipohesabiwa alipata zipatazo 2,600. Mpinzani wake, Patrick Kunambi wa Uluguru, alipata kama 800.

Nchi ilipochagua tena Agosti 1960, kura tatu zilikuwa zimekwisha kufutwa.