Neno Lililoandikwa Katika Habari za Intaneti

Wako wadhanio ya kuwa picha na sauti zimekwisha kuliondoa neno lililoandikwa katika habari za intaneti. Mambo ya Kenya yaonyesha vingine. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa na ghasia kuzuka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh na wenzake wakafungua tovuti, wakaiita Ushahidi. Nalo jina, naona, lilichaguliwa vema. Raia aliandika maneno machache: mahali, siku, jambo lililotendeka. Maandishi hayo yaliwekwa juu ya ramani, kila tukio mahali pake, na waendeshaji wakajaribu kuyalinganisha na habari nyingine. Picha ya nyumba iwakayo moto peke yake haisemi ni ya kijiji gani, wala iliwaka lini. Mstari mmoja wa maneno husema. Uongo nao huandikika, sikatai. Lakini uliotiwa siku na mahali hupimika. Tume ya Jaji Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Atakaye kujua ghasia zilivyoenea kutoka mtaa hadi mtaa hana budi kuisoma mistari ile mifupi pamoja na ripoti hiyo.