Gita la Umeme: Kutoka Nguzo ya Msonobari Hadi Mashine ya Kompyuta

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya ufundi wa gita la umeme, kwa sababu mkutano wetu wa mwaka huu una jambo la kuamua kuhusu karakana ya shule. Fedha tulizochanga zinatosha kununua kitu kimoja tu: ama mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa kwa kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC, ama meza mpya za useremala zenye jiliwa, randa na patasi zake. Wapo wanaosema zana za mkono zimepitwa na wakati. Wapo wanaosema mashine itawalemaza vijana. Mimi ni seremala, na magita yangu nayatengeneza kwa njia zote mbili. Naomba basi tuitazame historia kabla ya kupiga kura.

Gita la umeme lilizaliwa kwa shida moja ndogo. Katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1920, mpiga gita alikuwa hasikiki. Tarumbeta na ngoma zilimfunika kabisa. Mwaka 1931 George Beauchamp na wenzake huko California waliunda gita la majaribio la mbao, na mwaka uliofuata, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, likaanza kuuzwa likiwa la aluminiamu. Umbo lake la duara lenye mkono mrefu lililifanya liitwe kikaango. Siri yake wanafunzi wa fizikia wanaijua: uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya ule, na amplifaya huukuza. Kifaa hicho cha sumaku na waya huitwa pikapu (msikifananishe na gari la mizigo). Pikapu moja ya kawaida ina takriban mizunguko 8,000 ya waya mwembamba kama unywele.

Lakini magita yaliyofuata yalikuwa bado ni sanduku lenye uwazi ndani, na sauti kubwa ya amplifaya ililitikisa sanduku lenyewe, ikarudi kwenye pikapu, ikatoka tena kubwa zaidi, hata gita likapiga yowe. Dawa ilikuwa mbao nzito isiyo na uwazi. Karibu na mwaka 1940 mwanamuziki Les Paul aliingia katika karakana ya Epiphone mjini New York, akachukua kipande cha nguzo ya msonobari chenye inchi 4 kwa 4, akakipachika shingo na pikapu. Kisha akapasua gita la kawaida katikati na kulibandika pande zote mbili za nguzo. Mabawa yale hayakuwa na kazi yoyote katika sauti. Yalikuwa ya kuwaridhisha watazamaji.

Aliyeifanya nguzo ile iwe bidhaa ya kiwandani alikuwa mtengenezaji redio wa Fullerton, California, jina lake Leo Fender. Mtu huyu hakujua kupiga gita. Alilitazama kama redio: kitu kitakachoharibika siku moja na kuhitaji kufunguliwa. Mwaka 1950 alitoa gita ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Kiwiliwili chake ni ubao bapa uliokatwa kwa kufuata kiolezo. Shingo yake haikugundishwa, bali ilifungwa kwa skrubu 4. Mafundi wa zamani waliona ni utovu wa heshima kwa useremala. Hata hivyo, shingo ikipinda, hung'olewa na kuwekwa nyingine kwa bisibisi tu.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana wengi husema Fender ndiye aliyeutoa mkono katika kazi hii. Si kweli. Katika kiwanda chake cha miaka ya 1950 alikuwapo fundi aitwaye Tadeo Gomez, ambaye kazi yake ilikuwa kuzipa shingo umbo, na alipomaliza aliandika kwa penseli herufi TG na tarehe kwenye kisigino cha shingo. Leo wakusanyaji wa magita hufungua zile skrubu 4 kwa mikono inayotetemeka ili kuzitafuta herufi hizo mbili. Kiwanda kilikuwa na mashine za kila namna, lakini mviringo unaokaa kiganjani mwa mpigaji uliachiwa mtu.

Mwaka 1952 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Gibson walitoa gita lenye jina la yule yule Les Paul, la mahogani na uso wa mbao ya mepo uliochongwa kwa mbinuko kama wa fidla. Na katika chuo cha MIT ilionyeshwa mashine ya kukata chuma iliyosoma amri zake kutoka utepe wa karatasi wenye matundu. Wazo lilianza kwa John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitafuta namna ya kuhakikisha mapanga ya helikopta yana umbo sahihi, na jeshi la anga la Marekani likagharimia kazi kuanzia 1949. Utepe ule ndio babu wa CNC ya leo. Karibu miaka 40 ikapita kabla mashine hizo hazijawa za kawaida kwa watengeneza magita. Kampuni ya Taylor ya California ilizianza karibu na 1990, na mwaka 1999 ikatoa shingo mpya iliyowezekana tu kwa usahihi wa mashine.

Usahihi huo una maana gani? Chukueni freti, vile vyuma vya shingoni. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, baba wa yule mwanasayansi, aliandika kanuni kwa wapiga luti, binamu wa udi wetu wa taarab: gawa urefu wa uzi kwa 18, freti ya kwanza ikae hapo, gawa uliobaki kwa 18 tena, na kuendelea. Kigawanyo sahihi zaidi ni 17.817. Kwa uzi wa milimita 648, kama wa Fender, freti ya 12 lazima iwe nusu kamili, yaani 324. Kwa kanuni ya 18 itaangukia 321.6, na sikio litalalamika. Mimi mfereji wa freti namwachia mashine bila aibu. Haichoki inapofika freti ya 17.

Nafanya hivi. Kiwiliwili ni mkangazi, ubao wa vidole ni mpingo. Mchoro nautengeneza kwenye kompyuta, kisha naupeleka kwenye karakana moja ya milango jijini Dar es Salaam, ninakolipia mashine kwa saa. Inakata matundu ya pikapu, mifereji ya freti na umbo la nje, tabaka kwa tabaka. Shingo naiacha nene, niilaze kwa wiki kadhaa, kwa sababu mbao iliyokatwa hujinyoosha na kujipinda ikitafuta utulivu wake. Hilo mashine haliioni. Halafu nashika randa, tupa na msasa, na kila mara nafumba macho nikiipapasa. Nyuzi zikifungwa zitaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, na freti lazima zilainishwe kwa tupa, moja moja, mpaka zilingane.

Sisi tulilipokea gita hili likiwa limekwisha kuundwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilipiga magita yaliyotoka ng'ambo, huku mitaani watoto wakiunda ya galoni na waya za breki za baiskeli. Wale watoto walijua jambo ambalo Les Paul alilijua na nguzo yake.

Kura yangu naitoa kwa meza. Mashine inaweza kukodiwa kwa saa. Kiganja kinachojua mbao hakikodishwi. Lakini wenzetu wa upande wa pili wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza: kijana akienda leo kuomba kazi katika karakana kubwa ya mjini, huulizwa kwanza kama anajua kuchora kwa kompyuta. Kwa hiyo nimemwandikia Mwenyekiti kwamba, meza zikinunuliwa, nitakuja shuleni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wa masomo na kompyuta yangu. Michoro ya vijana nitaipeleka mimi mwenyewe Dar es Salaam, nirudi na mbao zilizokatwa. Saa za mashine kwa mwaka wa kwanza nitazilipa mimi. Kwa mwaka wa pili natafuta wawili wa kunisaidia.