Dawa za Ebola Zilizopimwa Beni na Butembo

Habari hii haianzi Beni wala Butembo. Katika mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, hospitali ya misheni iliyotunzwa na masista Wabelgiji ilijaa wagonjwa wa homa ambayo hapana mtu aliyeijua. Daktari mmoja kijana, Mkongo, jina lake Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kuitazama. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, na hata leo watu hustaajabu kwamba hakuambukizwa. Damu ya sista mmoja ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, na huko virusi vya Ebola vikaonekana kwa mara ya kwanza. Sindano chache zilizotumiwa kwa watu wengi ndizo zilizoueneza ugonjwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Daktari Muyembe alikutana nao tena mwaka 1995 mjini Kikwit. Safari hii alijaribu jambo: aliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 kati yao wakapona. Wataalamu wa ng'ambo hawakukubali. Walisema wagonjwa wanane ni wachache mno, na labda wangalipona hata bila ya damu ile. Neno lao lilikuwa la haki, lakini wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2006 ilitolewa damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, na kumbe baada ya miaka 11 mlikuwa mngali na kinga dhidi ya Ebola ndani yake! Kutokana na kinga hiyo, wataalamu wa Marekani na Uswisi, pamoja na Muyembe na wenzake wa Kinshasa, walitengeneza dawa iliyoitwa mAb114.

Sasa tuje Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, karibu na Beni. Si mahali ambapo mganga angelipachagua. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, na maelfu walikuwa wamekimbia makwao. Butembo nao ni mji wa biashara, wenye wafanya biashara waendao Uganda, hata Dubai na China. Ugonjwa ukiingia katika mji wa namna hiyo una njia nyingi za kutokea.

Tarehe 20 Novemba 2018 upimaji wa dawa nne ulianza, nao ukafanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mgonjwa alipewa dawa moja kwa kura. Msomaji atauliza: je, ni haki kumpigia kura mtu aliye karibu kufa? Jibu ni kwamba siku ile hapana aliyejua ipi ni bora. Pasipo kura, madaktari wangalibaki na neno lile lile la Kikwit: labda wangalipona hata hivyo.

Lakini wenyeji walikuwa na maswali yao, na mimi sioni kuwa yalikuwa ya kijinga. Walipokuwa wakichinjwa, magari haya mapya yalikuwa wapi? Mbona surua, ambayo mwanzoni mwa 2020 ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, haikuletewa fedha kama hizi? Tena tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari, kura zao zisihesabiwe. Kesho yake baada ya tangazo lile, waandamanaji wa Beni walikishambulia kituo cha wagonjwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Na tarehe 19 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu. Yamkini ni vizuri kusema pia kwamba Septemba 2021 tume iliyoundwa na shirika hilo hilo ilithibitisha kuwa baadhi ya wafanya kazi wa vita hivi vya Ebola waliwatendea wanawake uovu, wakiwaahidi kazi.

Basi upimaji uliendelea katikati ya hayo yote, wagonjwa 681 wakaingizwa. Agosti 2019 hesabu zilionyesha wazi, na dawa mbili zikaachwa. Waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kwa mia, na wa remdesivir 53. Waliopewa mAb114, dawa ya damu ya Kikwit, walikufa 35 kwa mia. Na wale wa REGN-EB3, 34 hivi. Tena wagonjwa walioingia wakiwa na virusi vichache mwilini, wakapewa mojawapo ya dawa hizi mbili njema, walikufa kama mmoja tu katika kumi.

Hapo ndipo fundo la mambo. Aliyeogopa kituo alifichwa nyumbani, akaletwa siku ya sita au ya saba, akafa. Na jirani zake wakasema, mwaona, kituo kinaua! Mjini Beni vilijengwa vyumba vyenye kuta ng'avu ili mama amwone mtoto wake na kusema naye. Watu waliopona, ambao ugonjwa hauwashiki upesi tena, waliajiriwa kuwalea watoto wa wagonjwa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mambo haya yalivuta watu kuliko hotuba.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Mwisho wa mwaka ule dawa zote mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliwa rasmi huko Marekani. Februari 2021 Ebola ilitokea tena upande wa Butembo, wakaugua 12, wakafa 6. Oktoba ya mwaka huo ilitokea Beni, wakaugua 11, wakafa 9. Dawa ilikuwako, lakini wa kwanza kati yao walikwisha kuzikwa kabla ugonjwa haujatambuliwa.