Kujiandaa kwa Maradhi Yaliyopita: Majeshi ya Afrika Mashariki na Influenza ya 1918

Influenza ilipoingia Mombasa kwa njia ya bahari mwezi Septemba 1918, majeshi yaliyokuwa yakipigana Afrika Mashariki yalikuwa yameishi na maradhi kwa miaka minne. Malaria, kuhara damu na homa ya mapafu viliua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba majeshi hayo yalikosa uzoefu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uzoefu wao mkubwa ulihusu maradhi ya maji, chakula na mbu, ilhali ugonjwa uliokuja ulisafiri kwa pumzi.

Upande wa Waingereza, somo lilipatikana kwa gharama kubwa. Mbung'o waliangamiza farasi na ng'ombe, hivyo mizigo ikabebwa vichwani mwa watu. Rekodi rasmi zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000, vilivyo vingi vikitokana na maradhi. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, tena wajipikie wenyewe baada ya mwendo wa kutwa. Ugali usioiva uliwachubua matumbo, na kuhara kukafuata. Chini ya Oscar Watkins, aliyesimamia idara ya wapagazi, mambo yalibadilika hatua kwa hatua: wakawekwa wapishi kambini, posho ikaboreshwa, zikaanzishwa hospitali za wapagazi. Yalikuwa mageuzi ya kweli, na si haki kuyabeza. Hata hivyo yalitegemea kambi kubwa, jiko la pamoja na watu kulala wamesongamana.

Kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck kilijifunza kwa njia nyingine. Manowari za Uingereza zilifunga bandari, na ni meli chache mno zilizopenya. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mkwinini. Kituo kilipotekwa mwaka 1916, askari waliendelea kunywa maji machungu ya magome yaliyochemshwa. Hata bandeji zilitengenezwa kwa magome ya miti. Novemba 1917 kikosi kilivuka Ruvuma na kuingia katika koloni la Wareno, ambako kilizunguka kwa miezi kumi, kwa sehemu kubwa mbali na reli na bandari. Hakuna daktari aliyepanga umbali huo uwe karantini, lakini ulifanya kazi inayofanana nayo. Haukuwa kinga kamili: maradhi ya mapafu yalizuka ndani ya msafara katika miezi ya mwisho, na msafara haukuweza kuwasubiri wagonjwa. Oktoba 1918, huko Ubena, hata Jenerali Kurt Wahle aliachwa nyuma akiwa mgonjwa.

Kikosi kilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Askari zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi wao, walipelekwa Kasanga, wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha wakapanda treni mpaka Tabora, ambako waliwekwa kambini. Huko influenza iliwaua wengi wakingoja kurudi makwao, watu waliokwisha kuokoka miaka minne ya risasi, njaa na mito. Kama palikuwapo nafasi ya kuchelewesha safari na kuwatenga watu katika makundi madogo, ilikuwa hapo, maana hapakuwa tena na adui wa kukimbiwa. Lakini kwa desturi ya kijeshi mateka hukusanywa mahali pamoja ili ahesabiwe na kulindwa, na mkusanyiko ndio uliohitajiwa na ugonjwa.

Ni vigumu zaidi kuwafuata walioruhusiwa kuondoka. Hesabu za jeshi huishia langoni mwa kambi. Mpagazi aliyefia njiani, au aliyefika kwake akikohoa na kuwaambukiza wa nyumbani, hakuwa tena wa jeshi. Katika Ugogo influenza iliwakuta watu ndani ya njaa ya Mtunya, iliyodumu kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kwinini, wapishi na hospitali vilikuwa vya watu walioorodheshwa jeshini. Vijiji vilivyolilisha jeshi havikuwamo katika orodha hiyo.